Monita ya Zamani Kwenye Laptopu Mpya: Nunua Konveta Sahihi Mara Moja

Ukishuka kwenye Hiace pale Himo Njia Panda, hutembei sana kabla ya kuikuta steshenari. Ndani kuna printa, mashine ya fotokopi, na dada au kijana anayewajazia watu fomu: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, leseni ya biashara kwenye mfumo wa Tausi, zabuni kwenye NeST, nyaraka za mzigo unaovuka Holili kuingia Taveta. Kazi zote hizo zinafanana kwa jambo moja: macho yanasoma waraka huu na mikono inaandika kwenye ule. Kwenye laptopu ya inchi 14 maana yake ni kufungua dirisha, kulifunga na kulifungua tena, huku mteja amesimama mbele yako. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiwa unaibeba kichwani kutoka dirisha moja hadi jingine, siku moja utaikosea, na atakayeumia ni mtoto wa mtu aliyekuwa anasubiri mkopo.

Skrini ya pili inaondoa adha hiyo siku hiyo hiyo inapowekwa. Na mara nyingi ipo tayari. Ni ile monita ya inchi 17 au 19 iliyokuja na kompyuta ya mezani miaka hiyo. Kompyuta ikafa, monita ikabaki juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Kinachokwamisha ni kwamba laptopu mpya haina tundu la kuichomekea. Hapo wengi hufanya moja kati ya mawili. Ama wanajikusanya kununua monita mpya, ama wanapanda gari kwenda Moshi mjini kununua konveta, wanarudi nayo, haifanyi kazi, wanasema monita imekufa. Monita haijafa. Konveta ndiyo siyo.

Msimamo wangu ni huu: monita bapa inayowaka vizuri haina sababu ya kutupwa wala kubadilishwa. Inachohitaji ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, ila lazima kiwe kile chenyewe.

Anza nyuma ya monita

Igeuze monita uangalie chini ya ukingo wake wa nyuma, kwa sababu monita nyingi zina matundu yanayotazama chini, na mtu anaweza kuitumia miaka bila kuyaona. Kando ya tundu la umeme utakuta moja au zaidi ya haya.

VGA ndilo linalokutwa karibu kila mahali. Ni tundu la umbo la herufi D iliyolala, mara nyingi la buluu, lenye vishimo 15 katika safu 3, na sehemu mbili za skrubu pembeni. IBM ilileta mfumo huu mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2, na ofisi za dunia nzima zikautumia kwa zaidi ya miaka 20. Desemba 2010 kampuni za Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza kwa pamoja kwamba zinauondoa hatua kwa hatua, zikitaja 2015 kuwa mwaka wa kuumaliza. Ndiyo maana laptopu uliyonunua juzi haina tundu hilo. Hujapunjwa na muuzaji.

DVI ni tundu pana zaidi, mara nyingi jeupe, lenye vishimo vingi vya mraba na mfereji mmoja mwembamba upande mmoja. Ukilikuta, furahi, na sababu nitaieleza hapa chini. HDMI ni dogo na jembamba, lile lile la kwenye televisheni za bapa. DisplayPort linafanana sana na HDMI, lakini kona moja tu ndiyo imekatwa, wakati HDMI imepunguzwa kona zote mbili za chini. Watu huyachanganya haya mawili kila siku, na waya wa HDMI hauingii kwenye DisplayPort hata ukilazimisha. Ukilazimisha utavunja tundu.

Monita ikiwa na VGA na DVI kwa pamoja, achana na VGA. Tumia DVI.

Sasa geukia kompyuta. Laptopu nyingi za miaka hii zina HDMI pembeni, na hiyo ndiyo njia rahisi. Nyembamba sana zinaweza kuwa na USB-C peke yake. Kompyuta ndogo za mezani za HP, Dell na Lenovo zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika maofisini huko nje, nyingi nyuma zina DisplayPort. Andika kwenye karatasi au piga picha kwa simu: upande wa kompyuta kuna nini, upande wa monita kuna nini. Picha hizo mbili ndizo utakazomwonesha muuzaji, na zitakuokoa kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Mwelekeo ndio unaokula hela za watu

VGA na HDMI hazitofautiani kwa umbo la plagi tu. VGA inapeleka picha kama volti inayopanda na kushuka mfululizo, rangi nyekundu kwenye waya wake, kijani kwake, buluu kwake. HDMI inapeleka picha kama tarakimu, sifuri na moja, kwa kasi kubwa. Kwa hiyo kati yao lazima kuwe na chipu inayopokea tarakimu na kuzigeuza kuwa volti. Waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule, usio na chipu ndani, hautatoa picha kamwe.

Na chipu hiyo inafanya kazi upande mmoja tu. Ichukulie kama mkalimani anayesikia Kichagga na kukitoa kwa Kiswahili, ila yeye mwenyewe Kichagga hajui kukizungumza. Ukimgeuza, mazungumzo yamekwisha. Kuna konveta ya HDMI kwenda VGA, ambayo ndiyo unayoitaka wewe mwenye laptopu mpya na monita ya zamani. Na kuna konveta ya VGA kwenda HDMI, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta ya zamani na televisheni mpya. Zote mbili zimeandikwa VGA na HDMI. Zote zinakaa kwenye droo moja dukani. Ukifika ukasema tu “nipe konveta ya HDMI na VGA,” unaweza kupewa yoyote kati ya hizo.

Namna ya kuzitofautisha ni kuangalia dume na jike, kama mafundi wanavyosema. Konveta unayoitaka ina plagi dume ya HDMI, inayoingia kwenye laptopu, na tundu jike la VGA, la kupokea ule waya wa buluu wa monita yako. Ile nyingine ni kinyume: ina VGA dume yenye pini zinazochomoza, tundu jike la HDMI, na mara nyingi kimkia cha USB cha kuipa umeme. Ukiona pini za VGA zinachomoza kwenye konveta, irudishe kwenye droo.

Mwambie muuzaji hivi: “Laptopu yangu ina HDMI, monita ina VGA, picha inatoka kwenye laptopu kwenda kwenye monita.” Sentensi hiyo haina njia mbili za kueleweka.

Chagua yenye kitundu cha sauti pembeni kama ipo, maana VGA haibebi sauti. Na kama ipo yenye kitundu kidogo cha kuiongezea umeme, hiyo ni bora zaidi. Konveta inakula umeme kutoka kwenye HDMI yenyewe, na kiwango ambacho tundu la HDMI linawajibika kukitoa ni miliampea 55 tu kwa volti 5. Laptopu nyingi hutoa zaidi ya hapo bila shida, lakini zipo zinazobana. Dalili yake ni picha inayokuja dakika chache, inazimika, inarudi, inazimika tena.

Kwa wenye DVI kwenye monita, hapa ndipo furaha ilipo. HDMI na DVI zinaongea lugha ile ile ya tarakimu. Waya wa kawaida wenye HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili unatosha, hauna chipu wala hauhitaji umeme wa ziada, na herufi zinatoka kali kuliko kwa VGA. Kitakachokosekana ni sauti tu.

DisplayPort kwenda VGA inahitaji konveta yenye chipu, kama HDMI, na sharti la mwelekeo ni lile lile. Uliza “DisplayPort kwenda VGA,” usikubali kuuziwa ya HDMI ukiambiwa “itaingia tu.”

USB-C inadanganya kwa sura. Tundu ni moja, lakini kazi zake hutofautiana: kuna linalochaji tu na kupitisha mafaili, na kuna linalotoa picha pia. Angalia pembeni ya tundu. Alama ya herufi D na P zilizoungana, au alama ya radi ya Thunderbolt, ina maana picha inatoka. Alama ya radi huchanganywa na alama ya kuchaji, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Tafuta jina kamili la laptopu yako, lile lililobandikwa chini yake, usome sifa zake kwa mtengenezaji. Ikithibitika kwamba tundu halitoi picha, hakuna konveta ya kawaida ya USB-C itakayolilazimisha. Njia iliyobaki ni adapta za USB zinazotumia teknolojia ya DisplayLink, ambazo zinataka programu yake isakinishwe kwanza. Kwa kuandika na kujaza fomu zinafaa kabisa. Kwa video ndefu si chaguo langu.

Wenye MacBook Air ya M1 au M2 wajue kwamba Apple imeziwekea kikomo cha monita moja ya nje. Moja itakubali vizuri.

Nenda na laptopu yako dukani. Najua kuibeba kwenye gari kutoka Himo hadi mjini ni usumbufu, lakini duka la vifaa vya kompyuta halikosi monita yenye VGA. Chomeka pale pale, uone picha, ndipo utoe hela.

Kuunganisha

Zima monita. Chunguza kichwa cha waya wa VGA kabla ya kukiingiza: pini zake ni nyembamba na hupinda kirahisi. Iliyopinda inyooshwe taratibu kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukiwa umeitoa risasi yake. Kile kibomba kidogo cha chuma kinaivaa pini na kuirudisha wima. Ukihesabu pini ukapata 14 badala ya 15, usiogope wala usiutupe waya. Pini namba 9, ya nne kwenye safu ya kati, huachwa makusudi kwenye nyaya nyingi, na picha inakuja vizuri tu.

Kama monita imekaa muda mrefu kwenye nyumba za juu, Marangu, Kilema au Mwika, ambako ukungu na unyevu haviishi, unaweza kukuta pini na vishimo vimeshika kutu ya kijani. Mswaki wa zamani na spiriti kidogo vinatosha, umeme ukiwa umechomolewa, kisha uache pakauke. Huku chini Himo adui ni vumbi. Lipeperushe kwa brashi laini kwenye matundu ya hewa, na usitumie maji.

Ingiza VGA kwenye monita, kaza skrubu kwa vidole, koleo si mahali pake. Upande wa pili uingie kwenye konveta. Washa monita. Ndipo konveta iingie kwenye laptopu iliyokwisha kuwaka. Mpangilio huu una sababu: laptopu inapoona kitu kimechomekwa huuliza monita ni ya aina gani na inakubali picha ya ukubwa gani, na monita hujibu kupitia pini namba 12 na 15 za waya ule ule. Ikiwa monita imezimwa au waya umelegea, jibu linaweza lisifike, na laptopu itakisia.

Monita ikiandika “No Signal,” bonyeza kitufe chake cha kuchagua chanzo, kinachoandikwa “Input” au “Source,” hadi kifike kwenye VGA; kwenye monita nyingine jina hilo limeandikwa “Analog” au “D-Sub.” Kwenye Windows, shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P. Zitatokea chaguo nne. Ya tatu, “Extend,” ndiyo inayokupa meza mbili za kazi, laptopu ikibaki na vyake na monita ikipata vyake. Ya pili, “Duplicate,” inarudia picha ile ile pande zote, na inafaa mteja akikaa upande wa pili akisoma unachomjazia. Kwa kweli kwa steshenari naipenda hiyo kuliko watu wanavyodhani: mzazi anayeona jina la mwanawe likiandikwa hukamata kosa la herufi papo hapo.

Kama umeweka “Extend,” fungua mipangilio ya skrini. Utaona vibweta viwili vyenye namba 1 na 2. Kivute cha monita kikae upande ule ule ambao monita ipo mezani. Bila hivyo kipanya kitakuwa kinatokea kulia wakati monita iko kushoto, na utachoka ndani ya saa moja.

Picha ikija vibaya

Hapa ndipo uvumilivu kidogo unalipa, kwa sababu karibu kila kasoro ina sababu yake inayoonekana kwa macho.

Tuseme monita inawaka halafu inaandika “Out of Range” au “Input Not Supported.” Laptopu inatuma picha kubwa kuliko uwezo wa monita, au inaibadilisha haraka kuliko monita inavyoweza. Rudi kwenye mipangilio ya skrini ukiwa unaitazama laptopu, chagua monita, upunguze. Idadi ya mara za kuburudisha picha kwa sekunde weka 60. Ukubwa wa picha fuata umbo la monita: inchi 15 ya zamani yenye umbo la karibu na mraba ni pikseli 1024 kwa 768. Inchi 17 na 19 za umbo hilo ni 1280 kwa 1024. Inchi 19 pana huwa 1440 kwa 900, ya 20 pana mara nyingi 1600 kwa 900, ya 22 mara nyingi 1680 kwa 1050, na kuanzia hapo utakuta 1920 kwa 1080. Namba kamili ya yako mara nyingi huonekana kwenye menyu ya monita yenyewe.

Sisitiza namba hiyo hiyo. Monita bapa ina pikseli zilizohesabiwa kiwandani, na ukiipa idadi nyingine inalazimika kunyoosha picha. Duara la muhuri linakuwa yai, na herufi zinakuwa na ukungu. Watu wengi wanaolalamika kwamba monita ya zamani inaumiza macho wanaumizwa na hili, wala si umri wa monita.

Ukiwa umeweka namba sahihi na bado herufi zinatetemeka au picha imesogea ikaacha ukanda mweusi upande mmoja, fungua ukurasa uliojaa maandishi, kisha bonyeza kitufe cha “Auto” kwenye monita. Itahangaika sekunde chache, itajipanga. Kitufe hiki kina kazi kwenye VGA tu, na wengi hawajawahi kukigusa.

Rangi nazo zinasema. Picha ikiwa ya njano kote, buluu haifiki. Ikiwa ya zambarau nyekundu, kijani ndiyo imekatika. Ikiwa ya buluu-kijani, nyekundu haipo. Zote tatu zinakuelekeza kwenye waya wa VGA au pini yake moja, kwa hiyo jaribu waya mwingine kabla ya kuigusa monita. Waya wa VGA ni bidhaa ya bei ndogo, na fundi yeyote wa kompyuta huwa na rundo lake chini ya meza.

Sauti ya laptopu ikipotea ghafla baada ya kuchomeka konveta, spika haijaharibika. Windows imeipeleka sauti kwenye konveta. Bofya alama ya spika chini kulia, uchague tena spika za laptopu.

Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha iliyoongezwa ina mtego wake: nyuma ina matundu ya picha sehemu mbili, ya ubao mama juu na ya kadi chini. Chomeka kwenye kadi. Ukichomeka juu, mara nyingi skrini itabaki nyeusi na utailaumu konveta bure. Na baadhi ya huduma za filamu za intaneti hukataa kuonesha picha kupitia VGA kwa sababu za ulinzi wa hakimiliki. Hilo halina dawa ya halali. Filamu iangalie kwenye laptopu.

Kuna hali moja ya monita yenyewe kuugua. Inawaka sekunde mbili hivi, unaona picha, inakuwa giza, lakini taa ya kitufe bado inawaka. Chukua tochi ya simu, imulike kwa pembeni karibu na kioo. Ukiona maandishi kwa mbali sana gizani, kioo ni kizima, kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Monita za zamani zinatumia taa nyembamba za floresenti, na taa hizo au saketi inayoziendesha huchoka. Picha kuwa na wekundu kila asubuhi kabla haijapata joto ni dalili ya mwanzo. Fundi wa elektroniki anaweza kubadilisha kapasita zilizovimba kwenye ubao wa umeme, na hiyo ni kazi ndogo. Akikwambia taa zenyewe ndizo zimekwisha, ulinganishe bei yake na ya kununua nyingine iliyotumika kabla ya kukubali.

Umeme

Monita ikikataa kuwaka kabisa, usianze kwa fundi. Anza na fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu. Waya wa umeme wa monita nyingi ni ule ule wa kompyuta ya mezani, kwa hiyo kuujaribu mwingine ni rahisi. Zipo monita zenye chaja ya nje; ikipotea, mbadala wake lazima uwe na volti zile zile zilizoandikwa nyuma ya monita, na ampea sawa au zaidi, na plagi yenye mpangilio ule ule wa chanya na hasi.

Soma pia kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, uko salama. Kikisema 110V au 120V peke yake, monita hiyo ilitengenezwa kwa soko la Marekani, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V utaiunguza mara moja.

Umeme unapokatika, chomoa. Unaporudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. UPS ikiwepo, iweke monita humo pamoja na kompyuta.

Wanaohofia kwamba monita ya zamani inamaliza LUKU wapige hesabu. Monita bapa ya inchi 17 ya floresenti inakula wati 35 hivi. Ikiwaka saa 8 ni wati-saa 280, yaani uniti 0.28. Mpya ya LED yenye ukubwa wa karibu na huo, tuseme wati 20, itakula uniti 0.16. Tofauti ni uniti 0.12 kwa siku nzima ya kazi. Haifiki popote ukiilinganisha na bei ya monita mpya.

Monita ya chogo ni habari nyingine. Inafanya kazi kwa konveta ile ile, lakini inakula umeme maradufu au zaidi, inajaza meza, na ndani yake hubaki na maelfu ya volti hata ikiwa imezimwa. Usiifungue kamwe. Kama unayo na unaitumia, iongezee mara za kuburudisha picha hadi 75 au 85 ili isikuchoshe macho. Kununua nyingine leo sikushauri.

Ukinunua iliyotumika

Kama huna monita nyumbani, iliyotumika inatosha kwa kazi za ofisi. Iwashe dukani, fungua ukurasa mweupe kabisa, utazame kona zote kama kuna giza au doa. Iache iwake dakika 15 ukiendelea kuongea bei. Inayozimika ikipata joto itajionesha ndani ya muda huo. Bonyeza vitufe vyote. Dai waya wake wa VGA na wa umeme, na ukikuta ina DVI au HDMI pamoja na VGA, ongeza kidogo uichukue hiyo. Nyuma kama kuna matundu manne ya skrubu yaliyo milimita 100 kwa 100, unaweza kuifunga ukutani au kwenye mkono wa chuma hata kama kitako chake kimevunjika.

Kusafirisha kutoka mjini, toa kitako, funika kioo kwa katoni na kanga, ishike wima mapajani. Usiilaze kioo kikiwa juu chini ya mizigo ya watu kwenye Noah. Kioo cha monita huvunjika kirahisi kikibanwa.

Iliyokufa kabisa usiitupe kihambani wala kwenye mfereji. Taa za floresenti zina zebaki, chogo lina risasi kwenye kioo chake, na maji ya mfereji huo hunyweshwa mifugo ya jirani yako huko chini. Mpe fundi, atavua vipuri na kujua pa kupeleka mabaki.

Na kama iliyo juu ya kabati lako ni nzima ila wewe huihitaji tena, ulizia shule ya sekondari iliyo karibu nawe kabla ya kuiacha izeeke. Ipeleke ikiwa na waya wake wa umeme, waya wa VGA na konveta yake, vyote vimefungwa pamoja kwenye mfuko mmoja, ili mwalimu aichomeke siku hiyo hiyo.